Chai ya Bandani

Nimekulia Kibosho, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma katikati ya migomba, lakini siri kubwa ya nyumba yetu nimeijua juzi tu, ukubwani. Aliyenieleza ni dada aliyetulea, mzaliwa wa Singida, aliyefika kwetu mwaka 1988 na kukaa miaka 11. Sasa ana genge lake karibu na soko la Mbuyuni, mjini Moshi.

Babu yangu alikuwa mpishi kwa setla wa Kigiriki mwenye shamba la kahawa. Mezani, wakubwa wakitaka kusema la ndani walihamia Kigiriki, naye akaendelea kugawa supu. Lakini mtu anayesimama nyuma ya kiti chako kila mlo, mwaka baada ya mwaka, lugha yako itamwingia tu. Serikali ilipotaifisha mashamba makubwa ya kahawa ya Kilimanjaro mwaka 1973, babu alikuwa ameshajua zamani kwamba tajiri wake anataka kuondoka. Hakumwambia mtu.

Na sisi, uzao wa mpishi huyo, tulifanya yaleyale. Desemba, baba wadogo na mashangazi wakipanda kutoka Dar es Salaam, mbuzi akichinjwa na mbege ikizunguka, maneno mazito yalisemwa kwa Kichaga: kihamba, shamba la ukoo, atarithi nani, mtoto yupi ni wa nje. Dada alikuwa palepale, anapakua mtori.

“Krismasi ya tatu nilikuwa nasikia kila kitu,” aliniambia. “Mkinisema, nainamia sufuria.”

Kisha akanieleza habari za baba. Miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipopunguza watu, baba naye alipunguzwa. Hakumwambia mama. Kwa miezi miwili aliondoka asubuhi amefunga tai, akazunguka kwa nyuma mama akishakwenda kufundisha, akashinda kwenye banda la ng'ombe. Dada alimkuta siku ya pili alipopeleka majani. Hawakusemezana. Kuanzia hapo, saa nne, alimwachia kikombe cha chai juu ya ndoo iliyofunikwa, na jioni alimpangusa nyasi kwenye koti kabla hajaingia kwa mlango wa mbele. Baba amefariki, mama pia, na mama hakujua hadi mwisho.

Mwaka 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani. Ibara ya 6 inataka anayeishi kwa mwajiri apate makazi ya staha yanayoheshimu faragha yake. Faragha yake yeye! Kwetu alilala stoo, kati ya magunia ya mahindi na kitanda cha mdogo wangu, mlango hauna komeo. Yetu aliyatunza yote. Yake hatukuwahi kuyauliza.

Nilimuuliza siku hiyo gengeni. Akaacha kupanga nyanya. Alipokuja kwetu, alisema, alikuwa amemwacha mtoto wa miezi minane kwa mama yake. Mama yangu alimuuliza kama ana mtoto, naye akajua jibu linalotakiwa ni lipi. Wiki za kwanza alikuwa akikamua maziwa usiku, kwenye kitambaa, kimyakimya, mdogo wangu asiamke.

Ile khanga aliyokuwa akimbebea mdogo wangu alikuja nayo kutoka Singida. Ilikuwa ya mwanawe.