Je, Wajua? Bladihaundi na Pua Yake

Je, wajua kwamba pua ya mbwa aina ya bladihaundi inakadiriwa kuwa na chembe za kunasa harufu milioni 300, ilhali ya binadamu ina milioni 5 au 6 tu? Ndiyo maana akishainamisha kichwa kunusa, unaweza kumwita hadi sauti ikukauke. Hakudharau. Kazi imemshika.

Je, wajua kwamba jina lake la Kiingereza lina neno "damu" ndani yake, na bado ni mpole kupindukia? Akimfikia anayemtafuta, mara nyingi hutaka kumlamba, si kumng'ata. Wafaransa humwita mbwa wa Mtakatifu Hubert, kutokana na abasia ya Ardennes, katika Ubelgiji ya leo, ambako watawa waliwafuga mababu zake karne nyingi zilizopita.

Je, wajua kwamba James Earl Ray, aliyefungwa kwa kumuua Martin Luther King, alitoroka gereza la Brushy Mountain, jimbo la Tennessee, Juni 1977? Hazikutimia siku tatu akakamatwa porini, amejifunika majani. Waliowafikisha askari pale ni bladihaundi.

Na huku kwetu? Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianza kuwatumia mwaka 2011 kuwasaka majangili. Machi 2012 askari wa hifadhi walikuta mzoga wa tembo, pembe zimeshang'olewa. Mbwa wakaishika harufu hapo hapo, wakaifuata kilomita 7 hadi kijiji cha wavuvi. Nchini Kenya, hifadhi za Lewa na Mara nazo zimewahi kuwa nao.

Je, wajua kwamba mbwa anayehema kwa joto hanusi sawasawa? Hawezi kutweta ili apoe na wakati huohuo akanusa kwa makini. Mtoe alfajiri, umande ungali kwenye nyasi, maana unyevu huishikilia harufu karibu na ardhi. Kumtoa saa saba mchana ni kumwonea.

Je, wajua kwamba masikio yake marefu ndiyo yanayomtesa zaidi? Huburuzika kwenye umande, hutumbukia kwenye bakuli la maji, na hewa haipiti ndani. Kila wiki linyanyue sikio, uligeuze juu ya kiganja chako, unuse. Sikio zima halina harufu kali. Ukikuta uvundo, wekundu au uchafu mweusi kama unga wa kahawa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. La kawaida futa kwa pamba na dawa ya masikio ya mbwa, usichokoe kwa kijiti. Kisha kausha makunyanzi ya usoni na yale ya shingoni, maana udenda ukituama humo ngozi huchubuka.

Je, wajua kwamba tumbo lake linaweza kujaa gesi, likajipinda na kumuua kwa saa chache tu? Mpe chakula mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo, na asikimbie mara baada ya kula. Ukiona tumbo limevimba kama ngoma, na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usingoje kesho.

Makombo yenye vitunguu usimpe. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu.

Kupe wachunguzwe kila siku, hata katikati ya vidole. Chanjo ya kichaa cha mbwa isipitwe na wakati. Palipo na mbung'o, mboni ya jicho ikianza kuwa na ukungu wa samawati, damu ipimwe upesi, huenda ni ugonjwa wa nagana.

Je, wajua kwamba kumkimbiza tu hakumtoshi? Mbwa huyu huchoshwa na kunusa kuliko mbio, na mimi naamini kumfunga mnyororo mchana kutwa ni ukatili mtupu. Uzio uwe imara, maana harufu ikimvuta atatoka na barabara haioni. Akiwa mdogo asilazimishwe mbio ndefu wala kuruka. Mifupa bado inakua hadi afikishe mwaka na nusu hivi.

Jaribu hivi. Mkanda wa kifuani uvalishwe kwa kazi ya kunusa peke yake, ili akiuona tu ajue leo kuna shughuli. Mtoto wa nyumbani avue soksi aliyoshinda nayo, aiache mlangoni, atembee hatua hamsini na kujificha nyuma ya tangi la maji, mfukoni ana kipande cha nyama. Ngoja dakika tano. Mnusishe mbwa soksi, mfungulie kamba ndefu, kisha nyamaza umfuate. Atazunguka kidogo, mkia utanyanyuka, kamba itakaza. Hata akipotea njia, usikatishe zoezi kabla hajampata mtu wake. Msaidie arudi kwenye njia, mpaka asikie kicheko nyuma ya tangi.