Mtoto Mwenye Mzio wa Chakula Kwenye Sinia Moja na Nduguze

Katika kata ya Kidete, wilayani Kilosa, kama ilivyo katika vijiji vingi vya mkoa wa Morogoro, mtoto huanza kula kwa uji, na baadaye huketi na nduguze kuzunguka sinia moja. Uji huo, kwa ushauri mwema wa wahudumu wa kliniki, mara nyingi huongezwa karanga, soya au maziwa ili uwe na lishe ya kutosha. Kisamvu na mchicha huungwa kwa karanga zilizotwangwa. Vyakula hivi vimekuza vizazi, wala hakuna sababu ya kuviogopa. Hata hivyo, kwa mtoto mmoja mmoja, kimojawapo huweza kugeuka hatari ya ghafla. Makala haya yanaeleza namna ya kumtambua mtoto huyo, namna ya kumlea bila kuwanyima nduguze, na hatua ambazo zahanati inapaswa kuchukua pindi dakika zinapohesabika.

Mzio ni nini

Mzio ni kosa la kinga ya mwili. Kinga, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huichukulia protini ya chakula fulani kuwa adui na kuitengenezea kingamwili za aina ya IgE. Kingamwili hizo hujishikiza kwenye seli maalumu zilizo katika ngozi, njia ya hewa na utumbo. Mtoto anapokila tena chakula kile, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine kwa mkupuo. Ndiyo maana dalili huja upesi, aghalabu ndani ya dakika chache na mara chache baada ya saa 2.

Dalili hizo ni upele unaovimba na kuwasha mithili ya kuumwa na wadudu wengi kwa pamoja, kuvimba midomo au kope, kutapika, kukohoa, sauti kukwaruza, kupumua kwa shida, na katika hali mbaya kabisa kulegea na kuzimia. Vyakula vinavyohusika zaidi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho, soya, ngano, ufuta, samaki na kamba.

Si kila chakula kinachomsumbua mtoto kimemletea mzio. Mtoto aliyetoka kuugua kuhara huweza kushindwa kwa muda kumeng'enya sukari ya maziwa. Tumbo lake hujaa gesi na choo huwa majimaji, lakini havimbi midomo wala hakosi pumzi. Maumivu ya tumbo huweza kutokana na minyoo. Pumu ya ngozi huongeza uwezekano wa mtoto kuwa na mzio wa chakula, lakini kuwa nayo peke yake si ushahidi kwamba chakula ndicho kinachoileta.

Makosa mawili yanayopingana

Familia huweza kukosea kwa namna mbili. Kosa la kwanza ni kupuuza: mtoto huvimba midomo kila anapolishwa karanga, na wakubwa husema atazoea. Kosa la pili ni kuogopa kupita kiasi: mtoto hutokwa na vipele mara moja, na kuanzia siku hiyo hunyimwa mayai, maziwa, samaki na karanga kwa pamoja. Kosa hili la pili huonekana kama uangalifu, lakini lina gharama kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa. Katika nchi yenye hali hiyo, kumwondolea mtoto vyakula vinne vya kujenga mwili bila uthibitisho ni kumponya ugonjwa asiokuwa nao kwa kumpa mwingine.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi kuitamka: mtoto mwenye mzio aepushwe na kile tu kilichothibitika, na apewe vingine vyote.

Uthibitisho huanza na mazungumzo. Mhudumu amuulize mzazi: Mtoto alikula nini na kiasi gani? Dalili zilianza baada ya muda gani? Zilikuwa zipi? Je, amewahi kukila chakula hicho bila dhara? Je, dalili zilizo sawa zimejirudia kwa chakula kile kile? Majibu ya maswali haya yana uzito kuliko kipimo chochote. Vipimo vya ngozi na vya damu hupatikana katika hospitali kubwa, navyo havina budi kusomwa kwa tahadhari. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Ghana na kuchapishwa mwaka 2011 ulibaini kuwa watoto wengi waliokuwa na kingamwili za karanga katika damu walikuwa wakila karanga bila tatizo lolote. Maambukizi ya kichocho yalihusiana na matokeo hayo. Kwa hiyo, kipimo cha damu pekee kisimfanye mtoto anyimwe chakula anachokila kwa amani.

Mzazi naye asijaribu nyumbani chakula kilichokwisha kumletea mtoto dalili za mzio. Jaribio la namna hiyo hufanyika hospitalini, palipo na dawa na mtaalamu.

Nyumba yenye watoto watatu

Chukua mfano wa nyumba yenye watoto watatu: wa kwanza ana miaka 7, wa pili ana miaka 3 na amethibitika kuwa na mzio wa karanga, na wa mwisho ametimiza miezi 6. Mama afanye nini?

Kwa mtoto wa pili, hatari kubwa imo katika chakula kisichoonekana. Unga wa lishe unaouzwa dukani au kutengenezwa na vikundi mara nyingi huwa na karanga ndani yake. Mashine ya kusaga iliyotoka kusaga karanga huacha mabaki yanayoingia kwenye unga wa anayefuata. Kinu na mwiko hubeba mabaki hayo hayo. Basi mtoto huyu awe na unga wake wa mahindi, mtama au ulezi, uliosagwa mashine ikiwa safi. Uji wake uongezwe nguvu kwa yai, maziwa, dagaa waliosagwa au maharage, kwa kuwa hivyo havimdhuru. Chakula chake kipakuliwe kwanza, kabla mwiko haujaingia kwenye sufuria ya mboga ya karanga.

Sinia moja lina thamani yake, nalo si lazima livunjwe. Siku isiyo ya karanga, watoto wote wale pamoja. Siku ya karanga, mtoto huyu awe na sahani yake akiwa ameketi palepale na nduguze, asitengwe kando kama mwenye kosa. Wote wanawe mikono kwa sabuni na maji tiririka baada ya kula, kwa kuwa maji matupu hayaondoi mabaki ya karanga ipasavyo.

Mtoto wa miaka 7 ni mlinzi muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ndiye anayekuwa na mdogo wake uwanjani, na ndiye anayegawana naye kashata. Afundishwe maneno mafupi: "Huyu hali karanga, zinamuumiza." Bibi, shangazi, jirani na mwalimu wa chekechea waambiwe vilevile, kabla ya siku ya harusi au msiba ambapo kila mkono hulisha kila mtoto. Bibi asiyeelezwa sababu huona mjukuu ananyimwa, naye atampa kwa huruma. Bibi aliyeelezwa huwa mlinzi wa kwanza. Mzio huo uandikwe pia kwa herufi kubwa kwenye kadi ya kliniki.

Kuhusu mtoto wa mwisho, wazazi wengi hudhani ni salama kumcheleweshea karanga. Ushahidi unasema kinyume. Mwaka 2015, watafiti wa London wakiongozwa na Gideon Lack walichapisha matokeo ya watoto 640 waliokuwa na pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai. Waliopewa karanga mapema na kwa kuendelea walipata mzio wa karanga kwa kiwango kidogo mno, pungufu kwa takriban asilimia 80, wakilinganishwa na waliozuiwa hadi miaka 5. Kwa hiyo mtoto huyu aendelee kunyonya na, mara aanzapo vyakula vya nyongeza, apewe karanga zilizosagwa laini ndani ya uji, kwa sufuria na kijiko chake. Kama ana pumu ya ngozi kali, mzazi aonane kwanza na daktari. Karanga nzima asipewe, kwani huweza kumpalia.

Mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe asihamishiwe maziwa ya mbuzi, kwa maana protini zake zinafanana mno. Maziwa ya mama yasikatizwe.

Pindi mwili mzima unaposhambuliwa

Mzio mkali wa mwili mzima huitwa anafilaksia. Hutambulika mtoto anapokosa pumzi, sauti inapokwaruza au anapolegea ghafla, hasa ikiwa pamoja na upele au kutapika. Nyumbani, asipewe maziwa kwa imani ya kuua sumu, wala asitapishwe. Alazwe chali na miguu iinuliwe. Akihema kwa shida aachwe aketi, lakini asisimamishwe wala kutembezwa. Abebwe kwenda zahanati mara moja.

Zahanati, dawa ya kwanza ni adrenalini. Hutumika ile yenye miligramu 1 katika mililita 1, kwa kipimo cha mililita 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mililita 0.3 kwa mtoto. Mtoto wa kilo 10 hupata mililita 0.1, wa kilo 15 hupata 0.15. Huchomwa kwenye msuli, upande wa nje wa katikati ya paja, na hurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hakuna nafuu. Piritoni na haidrokotizoni haziwezi kushika nafasi yake, wala zisiicheleweshe. Baada ya nafuu mtoto aangaliwe kwa saa kadhaa, kwa kuwa dalili huweza kurejea.

Jambo hili lina uzito wa pekee Kidete. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu hata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Pale njia inapokatika, hospitali ya wilaya huwa mbali kuliko inavyoonekana kwenye ramani, na kichupa kimoja cha adrenalini kilicho kabatini, kikiwa hakijaisha muda wake na kikiwa na bomba la mililita 1 kando yake, ndicho tiba yote iliyopo. Mhudumu akikague kila mwezi.

Watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai huuacha wanapokua; wa karanga huuacha takriban mmoja kati ya watano. Kwa sababu hiyo mtoto arudishwe kwa daktari kila mwaka, ili kizuizi kisicho na kazi tena kiondolewe, na kile kinachohitajika bado kiendelee kuheshimiwa na nyumba nzima.