Ziwa Kivu: Hazina Yenye Hatari

Ndugu askari,

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo yalifaa Ziwa Kivu, lililo mpakani mwa jirani zetu wawili, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uso wake ni mtulivu, lakini kina chake chafikia mita zipatazo 480, na katika maji ya chini zimeyeyuka gesi mbili: methani ipatayo mita za ujazo bilioni 60, na hewa ya ukaa ipatayo bilioni 300.

Hewa ya ukaa hutokana zaidi na volkano za eneo hilo. Vijidudu vya ziwani huigeuza sehemu yake, pamoja na mabaki ya viumbe, kuwa methani. Maji ya chini yana chumvi nyingi, nayo ni mazito. Kwa hiyo hayapandi, na gesi hubaki kifungoni.

Je, kifungo hicho kikivunjika? Mwezi Agosti, 1986, hewa ya ukaa ilifumuka usiku kutoka Ziwa Nyos, nchini Kamerun, ikaua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Ziwa Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na kandokando yake huishi mamilioni ya watu.

Ndiyo maana wataalamu wametafuta njia ya kuigeuza hatari kuwa nishati. Maji huvutwa kwa bomba; yakaribiapo juu, gesi hujitenga kama povu la chupa ya soda ifunguliwapo. Mwaka 2016 Rwanda ilizindua huko Karongi mtambo wa KivuWatt, wenye uwezo wa megawati 26 za umeme.

Hata hivyo, kazi haikomi hapo. Maji yaliyokwisha kutolewa gesi hayana budi kurudishwa kwenye kina kinachostahili. Yakimwagwa juu, yatadhuru samaki. Yakirudishwa ovyo, yatavuruga matabaka yanayoifunga gesi. Methani nayo huzaliwa upya, lakini polepole, hivyo haifai kufujwa.

Maji hayatambui mpaka. Kosa la upande mmoja litaufikia upande wa pili. Kwa hiyo jirani hao hawana budi kupima pamoja na kuonyana mapema.

Ndugu askari, ninyi mwajua kwamba ghala la baruti halilindwi kwa bunduki peke yake, bali kwa nidhamu ya kila aingiaye. Ziwa Kivu nalo ni ghala. Usalama wake ni nidhamu ya wanaolichota.