Mlima Zabibu Anamtania Nani?

Siku Simba au Yanga inapokuja Dodoma, Uwanja wa Jamhuri hujaa mapema, na wengi wanaoujaza ni watu wa papa hapa: wa Majengo, Chang'ombe, Kizota na Makole, na wengine walioamka alfajiri kuwahi basi kutoka Kongwa, Mpwapwa au Kondoa. Wamevaa nyekundu, au kijani na njano. Timu ya nyumbani ni Dodoma Jiji, Walima Zabibu, lakini tambo zinazotikisa majukwaa si zake. Shabiki wa Yanga amekata tiketi ili awazomee Simba. Kwa dakika 90 anajiita mwenyeji, anaruka kila mlima zabibu anapogusa mpira, na filimbi ya mwisho ikilia hana habari tena na timu ile wala na mechi yake inayofuata.

Sina ugomvi na utani wa Kariakoo, ule wa Simba na Yanga. Ni hazina ya nchi hii. Yanga ilizaliwa 1935, Simba 1936, na tangu hapo hakuna tusi lisilo na tarehe yake. Yanga akitamba kwa tano za Juni 1, 1968, Simba anamjibu kwa sita za Julai 19, 1977, siku Abdallah Kibadeni alipofunga matatu peke yake. Simba akapiga tano tena Mei 2012. Yanga, wana Jangwani, wakalala na deni hilo miaka 11, wakalilipa Novemba 5, 2023, kwa 5-1, na kwa wiki nzima ukisalimiwa na shabiki wa Yanga unanyooshewa vidole vitano. Majina nayo yamerundikana: Simba ni Mikia na Makolo; Yanga ni Kandambili, Vyura kwa sababu ya maji yanayojaa Jangwani kila masika, na Utopolo, neno lililovumishwa na Haji Manara akiwa msemaji wa Simba, kabla hajahamia upande wa pili mwaka 2021 na kukuta neno lake linamsubiri mlangoni.

Kinachoutia nguvu utani huo ni kwamba timu zenyewe hazijaondoka zilipo. Mjukuu anarithi kejeli ya babu yake ikiwa nzima, kwa sababu jina ni lile, mtaa ni ule na adui ni yuleyule.

Sasa tazama huku kwetu, uwanda wa kati. Kila kitu kinachohitajika kwa uhasama mtamu kipo. Dodoma na Singida zilikuwa jimbo moja, Jimbo la Kati, hadi Singida ilipopata mkoa wake mwaka 1963. Barabara ya lami inaziunganisha kupitia Manyoni. Wote wanaijua mvua inayochelewa, vumbi la Agosti, uwele, mtama na mlenda. Hata majina ya utani ya timu yamekaa kama yaliyopangwa: Dodoma Jiji ni Walima Zabibu, na timu za Singida ni Walima Alizeti. Hapo mtu mwenye ulimi hakosi la kusema kuhusu kuku wa kienyeji wa Singida, wala Mnyaturu hakosi jibu kuhusu mvinyo na jua la Dodoma. Mechi ya namna hiyo ingepaswa kugawa vijiwe vya kahawa na kutenga mashemeji kwa wiki nzima. Badala yake inapita kama mechi nyingine za kati ya wiki, na kibanda umiza kinaonyesha Ulaya.

Kwa nini? Tuanze na Singida, kwa kuwa kule jeraha liko wazi. Mwaka 2017 Singida United ilipanda Ligi Kuu, ikamchukua kocha Hans van der Pluijm, na Juni 2018 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3-2. Watu walianza kuipenda. Mwaka 2020 ikashuka. Mwaka 2022 ikaja Singida Big Stars, ambayo jana yake ilikuwa DTB. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate, kisha ikaishia Babati mkoani Manyara kwa jina la Fountain Gate. Pengo likazibwa mwaka 2024 na Singida Black Stars, ambayo kabla ya hapo ilikuwa Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya.

Niseme wazi kwamba mpira wa Singida umepanda, na waliotia fedha zao wanastahili heshima. Lakini mtani wa Dodoma atamkumbusha nani kipigo cha misimu mitatu iliyopita? Akiulizwa, mwenzake atasema ile haikuwa sisi, na atakuwa amesema kweli. Waliodhulumiwa zaidi ni watu wa Mbarali. Novemba 29, 2022, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kuukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Ile ilikuwa kejeli ya kuwatosha mpaka wajukuu, na timu yenyewe ikang'olewa na kupandwa kwingine kwa jina jingine. Leo kejeli ile ni ya nani?

Dodoma hatujahamisha timu, ila tuna udhaifu wetu. Mji huu ulitangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, na timu ya halmashauri ikapanda Ligi Kuu mwaka 2020. Ilikuta mji unafurika watumishi wa wizara waliohamia tangu 2016, kila mmoja na klabu yake moyoni. Hata wabunge wanapotaka kucheza bonanza, hujigawa Simba na Yanga. Mechi za klabu ya halmashauri wengi huzitazama wanavyotazama mradi wa barabara: wakandarasi wapo, bajeti ipo, sisi tupite. Polisi Dodoma walipocheza Ligi Kuu miaka ya nyuma hali ilikuwa hiyohiyo. Walima Zabibu, tangu wapande hadi mwisho wa msimu wa 2024/25, hawakushuka, na hiyo si kazi ndogo kwa timu ya mkoani. Mwenyeji wao anawapa makofi ya heshima. Hawajapata wa kugombana kwa ajili yao sokoni.

Na kugombana kwa maneno tunakujua sana. Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wana watani kila upande, Wahehe wakiwemo. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekaa Amani kule Usambara, aliandika kuhusu utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, akaeleza chimbuko lake katika vita vya zamani na safari za misafara. Waliowahi kuchinjana, au kulala kambi moja njiani, waliachiana ruhusa ya kusemana. Ruhusa hiyo ina masharti: unayemsema naye atakusema, na msiba ukimfika unakwenda kushika jembe la kaburi. Ndiyo maana Mhehe akimtania Mgogo kwa njaa na kuombaomba, Mgogo anacheka, japo nyumbani kwao bado yanasimuliwa mambo ya Mtunya, njaa iliyoteketeza Ugogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Neno hilohilo likitoka kwa mtu asiyekujua, asiyekuja kukuzika, ni tusi. Na majukwaani nakerwa ninaposikia wageni wakiuzomea mji mzima kuwa wa ombaomba, huku wenyeji waliovaa jezi moja na wageni hao wakizomea pamoja nao.

Februari 10, 2025, basi la Dodoma Jiji lilipata ajali kati ya Nangurukuru na Somanga, mkoani Lindi, likirudi kutoka Ruangwa kwenye mechi na Namungo. Wachezaji na viongozi waliumia, hakuna aliyefariki. Pole zilimiminika kutoka kila klabu, na mechi yao na Simba iliyokuwa karibu ikaahirishwa. Utani ulitimiza sharti lake siku zile: hakuna aliyethubutu kuchekesha.

Mechi ile ilikuja kuchezwa Machi 14 Dar es Salaam, na Simba ikashinda 6-0. Sita, hesabu ileile ya 1977. Hapo utani ulikuwa na haki ya kurudi, na mlima alizeti ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kupiga simu Dodoma asubuhi yake, kumuuliza jirani kama zabibu bado zina ladha. Lakini simu nyingi zilizopigwa hapa mjini zilikuwa za Mgogo wa Simba akimsimanga Mgogo wa Yanga. Mmoja alishangilia mabao 6 yaliyofungwa dhidi ya mji wake, mwenzake akanuna kwa sababu Simba imeshinda, na hakuna kati yao aliyeona kuwa aliyefungwa ni yeye.