Kuzima swichi hakutoshi kumlinda fundi umeme

SWICHI inapozimwa na taa ikazimika, wengi huamini kuwa umeme umekatika na kazi ya matengenezo inaweza kuanza. Imani hiyo ni ya hatari, kwani taa kuzimika si ushahidi kuwa nyaya hazina umeme.

Swichi ya kawaida ya ukutani hukata waya mmoja tu. Iwapo ilifungwa kimakosa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, taa huzimika lakini umeme hubaki kwenye holda yake.

Hatari nyingine hutoka kwa jirani. Wakati wa mgawo, jenereta iliyounganishwa na nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia umeme huweza kurudisha umeme mtaani. Transfoma, ambayo kwa kawaida hushusha umeme kutoka volti 11,000 hadi 400, hufanya kazi kinyume na kuupandisha. Fundi aliye juu ya nguzo akiamini kuwa laini imezimwa huweza kupoteza maisha.

Kwa sababu hiyo, matengenezo salama huanza kwa kutambua vyanzo vyote vya umeme: laini ya mtaani, jenereta, betri na paneli za sola. Kila chanzo huzimwa na swichi yake hufungwa kwa kufuli, kisha hutundikwa kibao cha onyo. Ufunguo hukaa na fundi mwenyewe. Wakiwa wengi, kila mmoja huweka kufuli lake. Marekani ilitoa kanuni maalumu kuhusu utaratibu huo viwandani mwaka 1989.

Hata hivyo, baadhi ya vifaa huhifadhi umeme baada ya kuzimwa. Kapasita za viyoyozi na oveni za maikrowevu ni mfano, na sharti umeme wake utolewe kwa njia ya kitaalamu kabla ya kuguswa.

Mwisho ni kupima. Kipimo hujaribiwa kwanza mahali penye umeme, kisha kwenye nyaya zinazotengenezwa, halafu tena pale pa kwanza. Bila hatua hiyo ya tatu, kipimo kilichoharibika huweza kutoa jibu lile lile la nyaya zisizo na umeme.

Kazi ikikamilika, anayefungua kufuli ni yule aliyelifunga, baada ya kuhakikisha wenzake wote wameondoka. Mwenye nyumba anayemhimiza fundi awashe haraka hana budi kusubiri.