Hesabu za Barabara na Sauti za Wananchi katika Jimbo la Oregon

Daraja kubwa likijengwa leo hutazamiwa kutumika kwa miaka sabini au mia, na njia ya reli ikishatandikwa huamua kwa vizazi kadhaa ni wapi nyumba zitajengwa, ni wapi maduka yatafunguliwa, na ni shamba lipi litakalosalia kuwa shamba. Kwa sababu hiyo serikali yo yote inayotaka kujenga njia za usafiri hulazimika kujiuliza swali lisilo rahisi kulijibu: baada ya miaka ishirini watu wangapi watasafiri, kutoka wapi kwenda wapi, na kwa chombo gani? Swali hilo ni la kisayansi, kwani lina vipimo vyake na mbinu zake za hesabu. Lakini ndani ya hesabu hizo mna mambo ambayo hayakupimwa na mtu, bali yalichaguliwa. Hayo ndiyo mwananchi anayopaswa kuyaulizia, na kwa bahati mbaya ndiyo anayofichwa mara nyingi, pengine bila ya mtu kukusudia kumficha.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni wa jimbo la Oregon, lililo katika pwani ya magharibi ya Marekani. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 255,000, yaani kupita kidogo robo ya eneo la Tanzania, na hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha wakazi milioni 4.2. Wengi wao hukaa katika bonde la mto Willamette, ambamo mna mji mkubwa wa Portland na pia mashamba yenye rutuba nyingi. Basi kila barabara mpya katika bonde hilo hugombea ardhi ile ile na mkulima. Jimbo hili lina historia ya pekee katika mambo ya njia. Mwaka 1913 lilitangaza ufuko wa bahari, ile sehemu inayofunikwa na maji yakijaa, kuwa barabara kuu ya umma, kwa kuwa siku hizo watu walisafiri mchangani maji yakipwa. Na tangazo hilo ndilo lililozuia ufuko usiendelee kuuzwa kwa watu binafsi. Mwaka 1919 Oregon ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kutoza kodi ya petroli kwa ajili ya barabara, senti moja kwa galoni.

Jinsi safari zinavyokadiriwa

Mbinu za kukadiria safari zinazotumika sasa katika nchi nyingi zilipata umbo lake katika uchunguzi uliofanywa Detroit na Chicago katika miaka ya hamsini, chini ya uongozi wa mtaalamu aitwaye J. Douglas Carroll. Eneo zima hugawanywa katika kanda ndogo ndogo, mamia kwa mamia. Kwanza hukadiriwa kila ukanda utatoa safari ngapi kwa siku: nyumba yenye watu watano na magari mawili hutoa safari nyingi kuliko nyumba ya mzee aishiye peke yake. Pili, safari hizo hupewa mahali pa kwenda. Hapa wataalamu waliazima wazo la Newton juu ya nguvu ya uvutano: kanda mbili huvutana kadiri zilivyo na watu na kazi nyingi, na mvuto huo hupungua kadiri muda wa safari unavyozidi. Tatu, hukadiriwa ni wangapi watakaokwenda kwa gari lao, wangapi kwa basi, wangapi kwa treni. Nne, safari zote hutandazwa juu ya ramani ya barabara, kila msafiri akidhaniwa kuchagua njia itakayomfikisha mapema, na kompyuta hurudia hesabu hiyo mpaka ifike hali ambayo hakuna msafiri awezaye kupunguza muda wake kwa kubadili njia. Mwishowe barabara zilizoelemewa huonekana katika ramani kama mishipa iliyovimba, na mhandisi huandika kando yake: hapa panahitajika kupanuliwa.

Kazi hiyo ina manufaa makubwa, na si haki kuidharau. Lakini tuangalie jambo moja dogo. Tuseme barabara fulani hupitiwa na magari 40,000 kwa siku. Tukikisia kwamba magari yataongezeka kwa asilimia 2 kila mwaka, baada ya miaka ishirini yatakuwa yapata 59,400. Tukikisia asilimia 3.5, yatakuwa yapata 79,600. Tofauti ya asilimia moja na nusu, ambayo katika kikao cho chote ingepita bila ya mtu kuinua mkono, imeleta magari 20,000 zaidi kwa siku, na pengine imeamua kama nyumba kadhaa zitabomolewa au zitaachwa. Na asilimia yenyewe imetoka wapi? Aghalabu imetoka katika miaka iliyopita, kana kwamba bei ya petroli, idadi ya watoto, desturi za kazi na mahali pa kuishi vitabaki kama vilivyokuwa.

Liko na tatizo la pili, gumu zaidi. Barabara mpya haihudumii safari zilizokuwapo tu, bali huzaa safari nyingine. Mwaka 1962 mchumi Anthony Downs alieleza kwamba katika saa za watu kwenda kazini barabara ya mwendo wa kasi huelekea kujaa tena mpaka kufikia kiasi chake cha mwisho, kwa sababu watu waliokuwa wakisafiri saa nyingine, kwa njia nyingine au kwa chombo kingine huhamia humo. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha uchunguzi wao wa miji ya Marekani, wakaona kwamba kilomita zinazosafiriwa na magari huongezeka karibu sawa na kilomita za barabara kuu zinazoongezwa. Basi modeli inayodhani kwamba wingi wa safari ni ule ule, barabara ijengwe au isijengwe, imekwisha toa jibu kabla ya swali kuulizwa.

Ramani ya mwaka 1943 na matokeo yake

Mwaka 1943 mji wa Portland ulimwita Robert Moses, mjenzi mashuhuri wa barabara za New York, autengenezee mpango wa baada ya vita. Yeye alipendekeza, pamoja na mengine, barabara kubwa za kuuzunguka mji. Mwaka 1956 sheria ya barabara kuu ilipopitishwa na serikali ya shirikisho ikakubali kulipa asilimia 90 ya gharama, majimbo yote yalipata hamu kubwa ya kujenga. Katika miaka ya sitini barabara kuu nambari 5 ilipitishwa katikati ya Albina, mtaa walimokaa Wamarekani weusi wengi wa Portland, na mamia ya nyumba yakabomolewa. Vikao vya kusikiliza wananchi vilikuwa vikitakiwa na sheria hata wakati huo. Ila njia ilikuwa imekwisha chaguliwa, na mwananchi aliitwa kuelezwa.

Hali ilibadilika kwa barabara iliyoitwa Mount Hood Freeway. Hiyo ilikusudiwa kuelekea mashariki kutoka mjini, na nyumba zipatazo 1,700 zilikuwa katika njia yake. Wakazi walijipanga, wakasoma taarifa za wahandisi, wakaenda mahakamani. Mwaka 1974 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba utaratibu wa kuchagua njia haukufuatwa ipasavyo, na mwaka huo huo halmashauri ya mji ikaikataa barabara yenyewe. Lililowasaidia ni sheria ya mwaka 1973 iliyoruhusu fedha za barabara iliyofutwa zitumike kwa kazi nyingine za usafiri. La sivyo, kuikataa barabara kungekuwa kuitupa fedha, na ni mji gani ungethubutu? Sehemu ya fedha hizo ilijenga reli ya treni nyepesi mpaka Gresham, kilomita 24 hivi, iliyofunguliwa Septemba 1986. Mwaka huo huo wa 1974 barabara ya Harbor Drive iliyokuwa kando ya mto ilifungwa, na mahali pake pakafanywa bustani ya watu. Lakini yafaa kukumbuka kwamba daraja jipya la Fremont lilikuwa limefunguliwa mwaka mmoja kabla, na bila ya njia hiyo ya badala kufungwa kwa Harbor Drive kungekuwa kugumu.

Wakati wa Gavana Tom McCall, mwaka 1973, bunge la Oregon lilipitisha sheria ya mipango ya ardhi kwa jimbo zima. Miji yote ilitakiwa kuchora mpaka wa ukuaji wake, na nje ya mpaka huo mashamba na misitu ilindwe. Malengo ya sheria hiyo yalipokelewa mwaka 1974 baada ya mikutano iliyohudhuriwa na maelfu ya watu katika sehemu zote za jimbo. Lengo la kwanza kabisa katika orodha linahusu kushirikishwa kwa wananchi; usafiri ni lengo la kumi na mbili.

Wananchi waifungua modeli

Mwishoni mwa miaka ya themanini ilipendekezwa barabara nyingine kubwa, ya kupita magharibi ya Portland katika wilaya iitwayo Washington, sehemu yake ikiwa nje ya mpaka wa ukuaji, katikati ya mashamba. Chama cha wananchi kiitwacho 1000 Friends of Oregon, kilichoanzishwa mwaka 1975 ili kuitetea sheria ya ardhi, kiliipinga. Kupinga si jambo geni. Jambo geni ni namna walivyopinga: hawakutosheka na kuzungumzia uzuri wa mashamba, bali walitafuta fedha, wakaajiri wataalamu wao, wakaifungua modeli ya serikali na kuuliza ndani yake mmedhaniwa nini.

Waliona mambo mawili. La kwanza, modeli ilidhani kwamba nyumba na kazi zitakaa mahali pale pale, ijengwe barabara, ijengwe reli, au kisijengwe kitu. La pili, kutembea kwa miguu hakukuthaminiwa ipasavyo. Mtu aliyekwenda dukani kwa miguu alikuwa kama hakusafiri. Na mtaa ambao mtu aweza kutembea ulihesabiwa sawasawa na mtaa usio na njia ya miguu. Wataalamu wale walikwenda kuutazama kila ukanda na kuupa alama kwa mambo manne: urahisi wa kuvuka barabara, kuendelea kwa njia za miguu bila kukatika, namna vichochoro vinavyoungana au kuishia ukutani, na mwinuko wa ardhi. Alama hizo zilipotiwa katika hesabu zilisaidia kueleza kwa nini watu wenye kipato sawa, katika mitaa miwili mbalimbali, hawatumii gari sawa.

Kisha walichora mpango wa badala: nyumba na kazi zikae karibu na vituo vya reli, barabara ndogo ziunganishwe, na wafanyakazi watozwe ada ya kuegesha magari. Katika makadirio mapya safari za gari zilipungua, na haja ya ile barabara ya magharibi haikuonekana tena wazi. Msomaji mwangalifu atasema kwamba sehemu ya upungufu huo ilitokana na ada ya kuegesha, si na umbo la mitaa tu, naye atakuwa amesema kweli. Hata hivyo idara ya usafiri ya jimbo iliukubali mpango huo uwe miongoni mwa njia za kulinganishwa, na katikati ya miaka ya tisini wazo la barabara likaachwa. Reli ya magharibi mpaka Hillsboro ilifunguliwa mwaka 1998.

Mwaka 1991 sheria ya shirikisho ilitaka kila jimbo liwe na mpango wa usafiri wa muda mrefu, unaotengenezwa kwa kuwashirikisha wananchi. Oregon ilipitisha mpango wake mwaka 1992, ukafanywa upya mwaka 2006 na tena 2023. Mwaka huo huo wa 1991 jimbo lilijiwekea kanuni kwamba katika miji yake mikubwa mwendo wa magari kwa kila mtu upungue kwa asilimia 10 katika miaka ishirini; lengo hilo lililegezwa baadaye. Lakini fikira yenyewe ilikuwa mpya: badala ya kukadiria mwendo kisha kuujengea njia, jimbo lilichagua mwendo linaoutaka.

Vikao peke yake havitoshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliochunguza mikutano ya mipango ya nyumba katika jimbo la Massachusetts walionyesha, mwaka 2019, kwamba wanaohudhuria na kusema ni zaidi wazee, wanaume na wenye nyumba zao kuliko wakazi wengine. Mpandaji wa basi anayetoka kazini saa tatu za usiku hayumo. Naye ndiye ambaye safari zake modeli huzijua kwa uhaba.

Mabishano nayo yana gharama. Kati ya Portland na mji wa Vancouver, juu ya mto Columbia, yapo madaraja mawili sambamba, la mwaka 1917 na la mwaka 1958. Mpango wa kuyabadilisha ulifanyiwa kazi kwa miaka mingi, na makadirio yake ya magari yakapingwa vikali na watu waliosema kwamba hesabu inapanda ilhali magari yenyewe hayapandi kwa kiasi hicho. Mwaka 2013 baraza la seneti la jimbo la Washington lilikataa kutoa fedha, na mwaka uliofuata mradi ukafungwa, karibu dola milioni 200 zikiwa zimekwisha tumika. Ulifufuliwa mwaka 2019, na mabishano juu ya wingi wa magari yakafufuka pamoja nao. Wakati huo wote madaraja ya zamani yameendelea kubeba malori na magari, nguzo zake zikiwa zimesimama juu ya magogo ya miti yaliyopigiliwa katika udongo wa mchanga, katika nchi ambayo wataalamu wa miamba wanajua kwamba hutikiswa na matetemeko makubwa.