Kisome Kidani cha Bibi Kabla Hakijayeyushwa

Kidani cha fedha alichoacha bibi kikifikishwa kwa sonara, mara nyingi huamuliwa na mizani peke yake: gramu kadhaa, shilingi kadhaa, kisha motoni. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu kito cha zamani kina habari nyingi kuliko uzito wake.

Anza kwa lenzi. Kagua kifungio, upande wa ndani wa pete na pingili ya mwisho ya mkufu. Namba zilizogongwa hapo huhesabu madini halisi katika kila sehemu 1,000: 750 ni dhahabu ya karati 18, 916 ni karati 22. Vito vya Uingereza husema zaidi. Simba anayetembea ni alama ya fedha ya 925, nanga ni ya Birmingham, kichwa cha chui ni cha London, na herufi moja hutaja mwaka wa kupimwa.

Vito vingi vya Oman na vya pwani yetu, hata hivyo, havina muhuri. Masonara waliyeyusha reale, yaani sarafu za fedha za Malkia Maria Theresa wa Austria, au wakazitundika nzima kwenye kidani. Hapo wengi hupotea: wakiona 1780 kwenye sarafu, husema kidani ni cha karne ya 18. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na mwaka huo ukaendelea kuchapwa kwenye sarafu zilizofuata, hata zile zilizotengenezwa Roma, London na Bombay katika karne ya 20. Tarehe haithibitishi umri. Uzito nao hausemi umri, ila husaidia kujua kama sarafu ni halisi: reale kamili ina gramu 28.07, na fedha yake ni 833 kwa 1,000.

Pasipo muhuri, tumia maji. Pima kito kikiwa kikavu, kisha kipime kikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Dhahabu safi hutoa 19.3, fedha safi 10.5, shaba karibu 9. Bangili ya shaba iliyopakwa dhahabu hufichuka bila kukwaruzwa. Kito chenye mawe, au chenye uwazi ndani, hakipimiki hivyo.

Usikisugue kamwe. Kila ukiondoa weusi kwa kusugua, unaondoa pia fedha na nakshi, na nakshi ndiyo inayomwonyesha mjuzi kilikofuliwa. Kipige picha pande zote, andika nani alikivaa na alikipata wapi, kisha ndipo uulize bei.